Redio Haisemi Ikiwa Imeketi

Akoth mwanangu,

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya mashahidi wawili, yaani baba yako na kuku mmoja aliyekataa kutoka mlangoni, natangaza rasmi kwa wananchi wote wa Sori, wa nchi kavu na wa ziwani, kwamba antena ya gari letu inapanda na kushuka. Inapanda redio ikiwashwa. Inashuka redio ikizimwa. Haikwami, haigugumii, na haihitaji kuvutwa na mtu yeyote. Tangazo hili limetolewa na mama yako, fundi cherehani, ambaye hana cheti cha kazi yoyote hapa duniani, hata hiyo ya cherehani.

Najua ulitarajia barua ya namna nyingine. Kesho unapanda basi kwenda Nakuru kusomea utangazaji, na mama za watu huandika habari za sweta, za kula kwa wakati, za kutopokea soda kutoka kwa mtu usiyemjua. Hayo nimekuambia tangu ukiwa shule ya msingi, nawe ukawa unanijibu, "Mathe, nimeskia," kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia. Sirudii. Nataka nikupe habari usiyoijua. Wewe unajua tu kwamba babu yako alikataa usiende, kisha akakubali. Ulikuwa Homa Bay wakati huo, unajifunza kazi pale stesheni ya redio na kulala kwa shangazi yako. Hukuona kilichotokea huku kati ya kukataa na kukubali. Kulikuwa na antena.

Nianze na kukataa kwenyewe. Usimwone babu yako kama mtu mbaya. Alikuwa amesikia vipindi vya vijana kutoka redio za majirani siku kadhaa, akaona watangazaji wanacheka vichekesho vyao wenyewe kabla hawajavimaliza, na akaamua kwamba redio ni kazi ya kelele. Alituita mimi na baba yako akasema mtoto huyu ana akili, kwa nini apelekwe mbali kufundishwa kelele, wakati kelele ziko hapa hapa ufuoni bure. Unamjua baba yako. Anaweza kubishana na polisi wa barabarani, na mnunuzi wa dagaa wetu wa omena, na hata mimi, lakini babake akishasema, yeye hutazama viatu vyake. Baadaye aliniambia kwamba hawezi kukusindikiza kituoni kama mzee hajatoa neno. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekwambia mvua imenyesha.

Nikaenda mwenyewe kwa babu yako. Unajua mimi na yeye tunaongea Kiswahili, kwa sababu Dholuo yangu bado inawafanya watu washike mbavu, na yeye Kikuria chake ni salamu moja tu, nayo huisema asubuhi na jioni bila kubagua. Nikamwambia, baba, mtoto hajapiga kelele popote, bado hujamsikia. Akafikiri. Akasema sawa, siku utakayopewa nafasi ya kusema redioni, atakusikia kwa masikio yake. Akisikia mtu, utaenda. Akisikia kelele, utatafuta kazi nyingine.

Nikafurahi haraka kuliko ilivyofaa. Nikamwambia tutakuwekea kwenye simu. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa kwa adabu.

"Simu huongea hata ikiwa mfukoni," akasema. "Nitamsikia kwenye gari. Na hiyo fimbo yake isimame kwanza."

Hapo ndipo furaha yangu iliporudi ndani, kwa sababu fimbo hiyo, yaani antena, ilikuwa imekwama.

Acha nikueleze kwa nini fimbo. Wewe umezaliwa katika boma hili, kwa hiyo huoni kitu. Mimi nilikuja kutoka Ntimaru nikiwa na macho mapya na ulimi usiofaa. Mwaka ule nilipoolewa kulitokea msiba hapa, wa mama mmoja mzee wa ukoo, na wakati wa hotuba wakasema mke mpya wa boma naye aseme neno. Nikasema. Nilikuwa nimefundishwa kwetu kwamba bibi arusi hajioneshi mbele ya wazee, kwa hiyo nikabaki pale pale kwenye mkeka, nimeinamisha kichwa, nikaanza kumsifu marehemu kwa maneno niliyokuwa nimeyaandaa wiki nzima. Hakuna aliyenisikia. Watu walianza kuulizana habari za mvua. Mama mmoja akafungua mfuko wa njugu. Nikadhani ni Kiswahili changu, nikakipandisha, nikaongeza maneno magumu. Njugu zikaendelea. Ndipo babu yako, ambaye hatukuwa tumezungumza bado hata mara moja, akaniita binti wa Ntimaru kutoka upande wa wanaume, "Nyar Ntimaru, simama ndio tukusikie."

Nikasimama. Njugu zikanyamaza. Nikasema maneno yale yale, na mama mmoja akalia.

Tangu hapo nikaanza kutazama, na nikaona kweli hakuna mtu wa hapa anayeongea jambo la maana akiwa amekaa. Hata mgonjwa hushikwa mikono miwili ainuliwe aseme lake. Kwa babu yako hiyo si mila ya kuelezwa. Ni kama kufungua mlango kabla ya kuingia. Ndiyo sababu siku baba yako alipolileta gari kutoka Migori, gari lililokuwa limeshachakaa mikononi mwa watu wengine, babu yako hakutazama magurudumu wala rangi. Alilizunguka lote. Baba yako akawasha redio, na ile fimbo ikatoka taratibu kwenye bodi ya nyuma, ikapanda, ikapanda, ikasimama wima, halafu ndipo mtu akaanza kusoma taarifa. Babu yako akavua kofia. Akasema, "Hili gari limelelewa vizuri."

Kutoka siku hiyo akawa anakuja kila jioni kusikiliza matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea. Alikuwa akingoja fimbo imalize kupanda, ndipo akae. Wewe ulikuwa bwenini miaka ile, ukirudi likizo unadhani anapenda viti vya gari.

Sasa nije kwenye kukwama, na hapa nitaandika taratibu kidogo kwa sababu aliyeikwamisha ni mimi.

Ilianza na mlio mdogo wakati wa kupanda, kama mlango wa choo cha shule. Mtu wa Sori akisikia kitu kinalia, hupaka mafuta ya mbuta, yule samaki mnono wa ziwani. Bawaba za mlango, mafuta ya mbuta. Kifua cha mtoto, mafuta ya mbuta. Nikachukua kichupa nikaipaka fimbo kuanzia juu hadi chini, nikatumia kitambaa, nikaingiza mengine kwa unyoya wa kuku pale inapozama. Mlio ukaisha. Nikajiona daktari. Nikawa napaka kila wiki, kwa upendo mwingi.

Wa kwanza kunigundua walikuwa paka. Paka wote wa ufuoni walianza kulala juu ya gari letu. Asubuhi unakuta nyayo zao kwenye kioo, na mmoja amesimama kwa miguu ya nyuma anailamba antena huku amefumba macho. Baba yako akashangaa. Akasema labda ni joto la bati. Nikamwambia labda.

Wa pili lilikuwa vumbi. Unaijua barabara yetu wakati wa kiangazi. Vumbi likakuta mafuta, yakakubaliana, na ndani ya lile bomba fimbo inamozama yakawa yanapika kitu kama ugali wa mtama, kila siku kijiko kimoja. Siku moja fimbo ikapanda nusu ikasimama, kama mtu aliyeinuka kitini halafu akasahau alikuwa anaenda wapi. Redio ilikuwa inaongea. Babu yako akatazama, akangoja kwa muda, akachukua bakora yake.

"Hii sasa inasema ikiwa imeketi," akasema. "Mimi siwezi." Na hakurudi tena kusikiliza.

Tulicheka, mimi na baba yako. Tulicheka miezi kadhaa. Halafu ukapiga simu kutoka Homa Bay, sauti juu, ukasema Jumapili ya wiki hiyo alasiri utasoma matangazo, wamekupa nafasi, niwaambie watu wote. Nikasema nimefurahi. Nikakata simu nikatoka nje kuitazama ile fimbo, na sikukumbuka kilichokuwa kinatuchekesha.

Kosa la pili nililifanya saa ile ile. Nilichukua koleo nikaivuta. Nikajiambia ikipanda hata mara moja na kubaki juu, inatosha, mzee hatauliza habari ya kushuka. Ikatoka kidogo. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Ndani ya buti ya gari kukasikika kitu kimekatika, mlio mwepesi tu, kama kucha ikikatwa, na kutoka hapo ukiwasha redio mota inasaga peke yake mle ndani na fimbo haitikisiki. Ukitaka kunijua mama yako, nijue hapo: mtu mwenye haraka, koleo mkononi, ameanza kuamini kwamba kitu kitamtii kwa kuwa sababu yake ni nzuri.

Baba yako akalipeleka gari kwa fundi Migori. Fundi akalitazama akiwa amesimama mbali, akasema hizo antena za mota zimepitwa na wakati, ikatwe, achomeke waya wa hanga. Magari mengi yana hanga, ni kweli. Baba yako akarudi na ushauri huo, tukampelekea babu yako kwa heshima zote. Babu yako akauliza hanga ni nini. Tukamwonesha iliyokuwa na shati lake.

"Hiyo ni ya kuanikia," akasema.

Mazungumzo yakaishia hapo.

Usiku ule sikulala sana, lakini sikusumbui kwa habari za kitanda. Asubuhi alikuja Min Atieno, mamake Atieno, yule jirani wetu wa ng'ambo ya ua, na cherehani yake kichwani. Sindano haishuki. Nikaifungua, nikakuta nyuzi, vumbi na mafuta ya kupikia vimeshikana mle chini. Nikaanza kumgombeza kama ninavyomgombeza kila mwaka. Nikamwambia mashine haitiwi mafuta ya jikoni, hutiwa mafuta yake mepesi, tone moja, kisha unapangusa mpaka kitambaa kirudi safi, kwa sababu mafuta yanayobaki kazi yake ni kuita uchafu. Nilikuwa nasema vizuri sana. Min Atieno alikuwa ananitazama huku anatabasamu.

"Na wewe Min Akoth," akasema, "wale paka walikuwa wanakuja kuomba nini kwa gari yenu?"

Kumbe ufuo mzima ulikuwa unajua.

Lakini alinifaa. Kwa sababu nilipomaliza kuona haya, niliona kwamba mimi na ile antena ni watu tunaojuana. Miaka yote hii nakaa mbele ya chuma kinachopanda na kushuka. Mle kwenye buti kuna mota, kuna gia, na kuna kitu kinachokwama. Nimefungua vitu kama hivyo mara ngapi? Hakuna aliyenifundisha cherehani, Akoth. Niliijua kwa kukaa karibu na fundi mmoja wa pale Ntimaru na kujifanya nasubiri nguo. Nikaamua kuifungua.

Ijumaa nikatoa magunia ya omena kwenye buti, nikatoa kile kibao cha pembeni, nikaikuta. Ni mota ndogo kama mkebe wa maziwa, na ubavuni ina kisahani. Ndani ya kisahani kunazunguka kamba ya plastiki ngumu yenye meno upande mmoja, kama zipu ya mfuko wa safari. Ile kamba ndiyo inayoisukuma fimbo juu na kuivuta chini. Yangu ilikuwa imekatika pale nilipovuta kwa koleo, na kipande kimebaki kimejikunja ndani, kikiyatafuna meno ya gia bila kwenda popote. Nilimpigia baba yako, ambaye alikuwa amekwenda Migori na mzigo kwa matatu, nikamwambia atafute gari bovu la aina yetu, lililogongwa mbele na si nyuma, anunue fimbo yake pamoja na kamba. Akaniuliza, "Mama Akoth, una uhakika?" Nikamwambia ndiyo. Sikuwa nao.

Aliipata. Ilikuwa ndefu kuliko yetu na kichwa chake kilikuwa na rangi nyingine, lakini meno yalifanana. Nikatandaza leso, nikapanga kila skrubu kwa mpangilio jinsi nilivyoitoa, nikaanza kuosha lile bomba kwa petroli na kitambaa kilichofungwa kwenye waya. Ugali ukatoka. Uliendelea kutoka. Paka walikuja wakakaa mstari mmoja kama watu wa harusi. Na hapo, mwanangu, mota iko wazi, mikono myeusi, jua likatua, Sabato ikaingia.

Unajua sheria ya nyumba hii, na unajua ni mimi niliyeileta. Baba yako alinitazama kuona nitafanyaje. Nikaosha mikono, nikafunika leso kwa karai, nikaweka jiwe juu kwa sababu ya paka, nikaingia ndani kuimba. Siku nzima ya Jumamosi lile karai lilikaa pale uani kama mgeni asiyekaribishwa. Kanisani sikumsikia mhubiri. Nitakuambia ukweli, nilikuwa nimekaa kwenye benchi na mikono imetulia mapajani, na kichwani nilikuwa naikunja ile kamba, naikunjua, naitazama meno yanaelekea wapi. Kama kufikiri nako ni kazi, basi nilifanya kazi Sabato nzima. Nimeshamwambia Mungu. Nadhani na yeye alikuwa anataka kujua meno yanaelekea wapi.

Jumapili asubuhi nikamweka baba yako kwenye usukani, awashe na kuzima redio nikimwambia. Kazi yenyewe ni kuingiza kamba kwenye bomba kutoka juu, meno yakielekea kwenye gia, halafu redio izimwe ili mota ivute. Nikaingiza. "Zima." Mota ikalia, kamba ikajikunja, ikanitemea. Nikaingiza tena kwa nguvu. Ikatema tena. Baba yako akatoa kichwa dirishani akasema kwa upole kwamba bado kuna wakati wa kutafuta hanga nzuri. Nikamwambia arudishe kichwa.

Nikasimama kidogo. Nikawakumbuka wasichana wanaokuja kujifunza kwangu kushona. Wote hufanya kosa moja: wanaisukuma nguo chini ya sindano. Wanaogopa mashine haitaichukua, basi wanaisukuma, na sindano inakatika. Kila mmoja namwambia maneno yale yale, shika tu isiende kombo, mashine itaichukua yenyewe. Nimeyasema miaka yote hiyo, na sikuwahi kuyasikia.

Nikaishika kamba kwa vidole viwili. "Washa. Haya, zima." Nikangoja. Niliyasikia meno yake yakigusa gia, mara ya kwanza yakateleza, mara ya pili yakaumana, na kamba ikaanza kuondoka vidoleni mwangu taratibu, ikishuka yenyewe kama nyoka aliyekumbuka nyumbani kwake. Fimbo ikafuata. Ikazama yote, kikabaki kile kichwa kidogo tu juu ya bodi. Nikafunga nati yake.

"Washa," nikasema.

Ikapanda. Akoth, ikapanda mpaka juu kabisa, ndefu kuliko ilivyokuwa zamani, bila sauti. Baba yako akashuka kwenye gari akanishika mkono kama mbunge. Tukazima, tukawasha, tukazima. Min Atieno akapiga kigelegele kutoka kwake bila kuuliza ni cha nini. Watoto wa ufuoni wakaja, wakawa wanainama nayo ikishuka na kuruka nayo ikipanda. Nimewahi kushona gauni la bibi arusi kwa siku moja, nimewahi kujifungua wewe mvua ikivuja kitandani, lakini sijui kama nimewahi kutembea uani kwangu namna ile.

Ikabaki kusikika. Pale nyumbani, unajua, stesheni za Tanzania ndizo zenye nguvu, yenu inakuja kama mtu anayekaanga samaki. Babu yako naye alisema hatakusikiliza katikati ya mbuzi na Min Atieno. Akataka twende pale juu, kwenye uwanja wa shule, kulikotulia. Tukampandisha mbele, tukaweka kiti chake kwenye buti, tukapanda. Kule juu baba yako alizungusha gari, akalisimamisha likitazama ziwa. Babu yako akashuka, akasimama karibu na bodi ya nyuma, akasema washa.

Fimbo ikapanda nusu, ikasita.

Sitakuficha, mkono wangu ulienda wenyewe. Nilikuwa nimeshaigusa. Mota ilikuwa bado inalia, na ile sauti niliijua, haikuwa ya kukwama, ilikuwa ya kutafuta. Nikaurudisha mkono. Ikasita kidogo tena, halafu ikaendelea, ikafika juu. Babu yako akavua kofia na kukaa.

Na sauti ikaja safi, kana kwamba umekaa kwenye buti. Kwanza mtangazaji mwenzako akasema kichekesho na wewe ukacheka. Babu yako akanitazama. Nikatazama ziwa. Kisha ukaanza matangazo, na nilisikia karatasi ikifunuliwa. Ukasoma msiba wa mzee mmoja wa Takawiri, ukataja watoto wake, na wake za watoto wake, na walikoolewa binti zake. Hukukimbia. Ukasoma ng'ombe aliyepotea, rangi yake, alama ya sikio, jina la mwenyewe. Halafu ukasoma msiba wa mama mmoja wa kwetu, Ntimaru, mwenye yale majina ambayo watangazaji wa huku huyavunja kama biskuti, na wewe ukayatamka jinsi nyanya yako mzaa mama angeyatamka, kila moja, mpaka la mwisho. Ulipomaliza ukanyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Hakuna aliyekufundisha hicho kimya. Au kama yuko, nimshukuru.

Babu yako alikuwa ameegemea bakora. Muziki ulipoingia akainuka. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa mkono. Akasimama wima, sisi wawili tu ndio tuliokuwa pale, na akasema kama anahutubia umati:

"Huyu hapigi kelele. Huyu anaita watu kwa majina yao." Akapumua. "Aende. Na siku yangu ikifika, ni yeye atakayenisoma."

Baba yako hakutazama viatu. Alimtazama babake. Mimi nilimwambia mzee asiwe na haraka, mtoto bado hana cheti. Akacheka mpaka akakaa.

Hivyo ndivyo ulivyopata basi lako. Tuliporudi nyumbani baba yako aliendesha fimbo ikiwa juu njia nzima, jambo ambalo halifai kwa sababu ya matawi, lakini sikusema kitu.

Nimejaribu kutafuta katika haya yote neno la kukupa, na kila ninalolipata linafanana na kitu nilichokosea. Ukianza kazi na watu wakawa hawakusikii, usikimbilie maneno magumu. Angalia kwanza umekaa namna gani. Utapenda kitu, au mtu, na utataka kumpaka mafuta kila wiki. Mpe tone moja, halafu chukua kitambaa upanguse. Mimi nilikupaka sana wewe ulipokuwa mdogo, nilikuwa nakuja shuleni kwenu kila wiki na chakula mpaka wenzako wakakupa jina, na ukaacha kuniambia mambo yako mwaka mzima. Nilidhani ni ujana. Ilikuwa ugali kwenye bomba. Na kitu kikisita katikati, sikiliza kabla hujachukua koleo. Mara nyingine kimekwama kweli. Mara nyingine kinatafuta meno yake. Mimi bado nachanganya hizo sauti mbili, nusu ya mara.

Hata habari ya chuo chenyewe nilitaka kukusukuma, kukuchagulia, kukupigia simu kila jioni. Sasa nakushika kwa vidole viwili. Chukuliwa.

Antena naipangusa kila Jumapili kwa kitambaa kikavu, kisha tone la mafuta ya cherehani, kisha kitambaa tena. Baba yako huzima redio kabla ya kuosha gari, ili izame. Paka wamehama. Babu yako amerudi kwenye kiti chake kila jioni, na amekuwa anawaeleza wageni kwamba sauti ya mjukuu wake ilifika Sori kwa sababu ya mkono wa Nyar Ntimaru na ile fimbo. Wageni wanaletwa uani kuitazama. Tunawapandishia.

Baba yako anasema nisikuandikie hili lililobaki, lakini wewe ni mtu wa redio sasa. Juzi alilipeleka gari Migori, taa ya redio ilikuwa imezima, na fundi akaichomoa redio yote. Waya wa antena unaoleta sauti, si ule wa mota, haukuwa umechomekwa nyuma yake. Mtu aliyekuwa na gari kabla yetu alikuwa ameufunga kwa mpira na kuuacha ukining'inia, na redio imekuwa ikishika stesheni kwa zile nyuzi nyembamba zilizochorwa kwenye kioo cha nyuma, si kwa fimbo, tangu siku tuliyolinunua.